Sister Yangu Aliniandika Insha Mbili

Admin, jina langu ficha, hapa Kitengela tunajuana hadi na kikohozi. Niko na miaka arobaini na sita, shule niliachia darasa la saba, na watu wananijua kwa kuchekesha. Hii nawaambia haichekeshi.

Miaka ya 2000 hapo mwanzo nilikuwa nachoma njugu hapa stage. Baba alikuwa amekufa, mama yuko Makueni, kwa hivyo sister yangu mdogo nilimsomesha mimi, boarding huko Kajiado. Likizo moja akanisomea insha yake ya English, kuhusu mtu anampenda zaidi, akinitafsiria pole pole. Huyo mtu ni mimi. Watu wangu, nilikuwa simba. Nafukuza wezi, nalala njaa ndio yeye asome. Mwalimu ameandika hapo chini ati amelia. Niliibandika kwa ukuta, na mgeni alikuwa anaonyeshwa kabla hata hajaketi.

Sasa, njugu tulikuwa tunafunga na karatasi za vitabu zimeisha. Sister alikuwa ananiletea zake za zamani, mimi nararua tu, nakunja, naweka njugu. Siku moja mwanamke wa kiwanda cha nguo, customer wangu wa kila jioni, alimaliza njugu akakunjua karatasi. Akasoma. Halafu akauliza, "Wa njugu, sister yako anaitwa nani?"

Akanisomea kwa Kiswahili, insha ya msichana ambaye kaka yake huchoma njugu stage. Ilikuwa ni mimi tena, lakini simba hakuna. Ilisema kaka yangu ni muongo, na ushahidi ni vile amedanganya mama ati yeye ni supervisor kwa kiwanda cha simiti. Ni mwoga, hufanya mzaha ndio asiulizwe kwa nini aliacha shule. Ati ananisomesha ndio asifiwe kanisa, ushahidi ni vile husimama kila Jumapili kuombea karo yangu kwa sauti. Hiyo ya mama nilikuwa nimemwambia sister peke yake.

Nilicheka. Nikamwongezea huyo mwanamke njugu za bure.

Sister alipofunga shule nilimuuliza. Hakukataa. "Brathe, usikasirike, hiyo ni ya Literature. Mwalimu alisema kabla tuchambue watu wa kitabu, tujaribu na mtu tunajua."

Nikamuuliza kwani ile ya kwanza haikuwa insha.

"Ile ya English unaweza tunga, bora iwe tamu. Ya Literature hutungi. Ukisema mtu ni muongo, lazima uonyeshe alidanganya wapi."

Hata hakusikia chenye amesema. Mimi nikamwambia sawa, nikaweka mzaha hapo, yakaisha. Kwake. Nilimsomesha mpaka mwisho, sahi ni mwalimu. Ile ya ukuta niliitoa nikihama, sikuiweka tena. Sijawahi mwambia iliniuma.

December anaolewa. Anataka nisimame mahali pa baba, niongee mbele ya wakwe na mama, na mama mpaka leo anajua nilikuwa supervisor. Juzi sister amenipigia simu akaniambia, "Brathe, siku hiyo usilete mzaha. Ongea ukweli."

Watu wangu, nishaurini. Nisimame tu niongee, ama nimuulize kwanza kama kwa ile insha ya English kuna kitu hata kimoja hakutunga?