Jina Nililolimeza Kwa Vonza

Alhamisi ya pili ya Agosti, mwaka niliohitimu chuo, nilikuwa nimesimama kando ya mto mkavu karibu na Kwa Vonza, nikitafsiri maneno ya mgeni. Mwanangu, siku hiyo hunichoma uso hadi leo.

Mgeni alikuwa mtawa wa Kibudha, mama mzee aliyenyoa kichwa, ametumwa na muungano wa jumuiya za Wabudha wa nchi nyingi kuusaidia mwethya, kikundi cha kazi cha mama zetu, kujenga bwawa la mchanga, ukuta wa kuzuia mchanga na maji mtoni. Kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, aliomba kusimulia historia ya waliomtuma. Waanzilishi, alisema, walitoka nchi zilizokuwa zimepigana vita. Mavazi yao hayakufanana, wala sala, wala sikukuu. Mkutano wao wa kwanza ulikaribia kuvunjika kwa ubishi wa nani atangulie kuomba, mpaka mzee mmoja akapendekeza waanze kwa kunyamaza pamoja. Kimya hicho ndicho kilichokuwa msingi wao.

Nami nilitafsiri nini? Nilikuwa binti wa mchungaji. Niliogopa kuulizwa nimeleta dini gani. Nikasema, "Hawa ni ndugu zetu wa kanisa la ng'ambo, wanawasalimu." Ulimi, kweli, hauna mfupa.

Mama zetu wakapiga vigelegele. Mtawa akanishika mikono yote miwili, akainama. "Asante," akaniambia. "Umewabeba wazee wangu hadi hapa."

Susu Kalekye, bibi aliyekuwa mwenyekiti wa mwethya, akanivuta kando.

"Wewe msomi, huyo mama ameongea mpaka jua limesonga. Mbona wewe umemaliza kabla sijafunga leso?"

"Nilifupisha, Susu."

"Ulifupisha ama ulificha? Yeye nimemsikia, Budha, Budha. Kwako sijasikia hata moja. Hapa kuna Wakatoliki, kuna Halima wa msikiti, na kila mtu huja na jembe lake. Nani alikuambia sisi tunaogopa jina?"

Gari la mtawa lilikuwa bado limeegeshwa. Ningeweza kumfuata. Sikumfuata.

Mwanangu, ukikabidhiwa maneno ya mwenzio, yabebe kama mtungi wa jirani: usimwage, usichanganye. Na ukiona haya kwa ajili ya mgeni wako, jiulize kwanza ni nani hasa anayestahili kuonewa haya. Mungu akujalie ulimi mwaminifu, na maji yasikauke mlangoni pako.

Wiki kadhaa baadaye, nilimwandikia yule mtawa hivi:

"Mama mpendwa, siku ile sikuwabeba wazee wako. Niliwaacha kando ya mto kwa kuwaogopa watu wangu, ambao hawakuwa wa kuogopwa. Jumatano hii nimerudi kwa mwethya, nikawasimulia yote, jina na kimya. Susu Kalekye akasema kazi ianze kwa kunyamaza. Wamenyamaza, Mama, nami katikati yao, macho yangu mchangani. Nisamehe."