Yai la Mama Noa

Mama Noa alijipaka shubiri kwenye chuchu ili mwanawe aache kunyonya kabla ya wakati, na wala hakuwa na mimba. Aliyekuwa akitafuta mimba ni dada yake. Katika miaka yote niliyofanya kazi ya uuguzi na ukunga hapa Dodoma, hicho ndicho kisa ambacho wauguzi vijana huniomba nikirudie, na kila nikikirudia wananiuliza swali ambalo sikulitegemea. Majina nimeyabadili. Ili kisa kieleweke, nianzie siku niliyoripoti kazini.

Niliripoti hospitali ya serikali nimevaa gauni jeupe lililopigwa pasi ya mkaa, na vumbi la Dodoma lilikuwa limeshalifanya la rangi ya chai kabla sijafika getini. Muuguzi Mkuu, ambaye sote tulimwita Matroni, alinipeleka kitengo cha uzazi wa mpango na kunionyesha kazi kwa kidole.

"Anayetaka vidonge vya majira, benchi hili. Sindano, benchi lile. Kitanzi, mlango wa pili. Umeelewa?"

Nilielewa. Lakini mabenchi yalipojaa, mwanamke mmoja alibaki amesimama. Nilipomsogelea, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hakuja kuzuia, amekuja kutafuta. Nikamgeukia Matroni.

"Huyo hana benchi," alisema. Hakusema kwa ukali, alikuwa ananieleza tu hali ilivyo. "Mwandikie aje Alhamisi, kwa Daktari wa wanawake."

Alhamisi nilijipangia zamu ili nione atafanyiwa nini. Alipimwa shinikizo la damu na kuambiwa avute subira. Ndipo nilipoanza kuwa mdadisi.

Baada ya miaka michache nilihamia hospitali ya misheni nje ya mji. Huko Mganga Mfawidhi, yaani daktari msimamizi wa hospitali, alikuwa mzee mwembamba aliyependa kufundisha akiwa anatembea, nasi tukimfuata tukiandika. Kwake nilijifunza picha ya mirija: dawa inaingizwa taratibu katika mji wa mimba, kisha eksirei inaonyesha kama imepita kwenye mirija ya mayai au imekwama. Nilijifunza pia vidonge vya kuchochea yai, na namna ya kuhesabu mzunguko wa hedhi na mtu ambaye kalenda yake ni mvua na mavuno. Na hakukubali kabisa kumtibu mke aliyetumwa peke yake.

"Mume yuko wapi?" aliuliza kila mara.

"Yuko shamba, Daktari. Amesema yeye ni mzima."

"Mwambie nami nasema hivyohivyo, ila nataka kuona. Mwanamke peke yake ni nusu ya faili."

Waume walikuja kwa shida, wengine wakisingizia wameleta mgonjwa wa malaria. Lakini walikuja.

Kisha zikaja zile zama ambazo serikali iliruhusu tena madaktari kufungua hospitali za binafsi. Mjini maduka ya dawa yaliota kila kona. Daktari mmoja mstaafu, bingwa wa magonjwa ya wanawake, alifungua kliniki karibu na soko, akanunua mashine ya ultrasaundi, akanichukua mimi niwe muuguzi wa zamu ya mchana. Huko ndiko alikokuja Tabitha.

Tabitha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hedhi yake ilikatika akiwa bado kijana, jambo ambalo kwa kawaida humpata mama mtu mzima. Mji wake wa mimba ulikuwa mzima, ila vifuko vya mayai vilikuwa vimekauka. Daktari alimweleza ukweli: kwa yai lake mwenyewe, hapana. Lakini Nairobi kulikuwa na kliniki iliyorutubisha mayai nje ya mwili, na yai lingeweza kutoka kwa mwanamke mwingine.

Wiki iliyofuata Tabitha alirudi na mdogo wake kutoka kijiji cha Haneti. Huyu ndiye Mama Noa. Alikuwa na kijana wake mgongoni, mnene, anayejua tayari kukimbia, na kila alipochoka mazungumzo yetu alivuta blauzi ya mama yake na kunyonya.

"Huyo kwanza," Daktari alisema, akimwonyesha Noa kwa kalamu.

Alieleza kwamba mwanamke anaponyonyesha, mwili hutoa homoni ya maziwa, na homoni hiyo huyalaza mayai. Kabla ya kumwandaa mtoaji wa yai, ni lazima ziwa likauke. Mama Noa alimtazama mwanawe kwa muda.

"Kwetu huyu bado," alisema. "Lakini sawa."

Daktari aliwaita waume wote wawili, maana alikuwa na msimamo uleule wa Mganga Mfawidhi. Mume wa Tabitha aliridhia. Mume wa Mama Noa, mkulima mpole, naye aliridhia, na Tabitha akamwomba jambo moja: asimwambie mtu yeyote, hata mama yake mzazi.

"Ikishindikana," Tabitha alisema, "nitaitwa mgumba mara mbili. Mara ya kwanza kwa mayai yangu, mara ya pili kwa ya watu."

Shemeji yake aliapa.

Noa akaachishwa kwa shubiri, akabaki Haneti na bibi yake mzaa baba. Mama Noa akaja mjini, kwa maelezo kwamba anamuuguza dada yake. Nilimpima damu: kundi la damu, virusi vya ukimwi, homa ya ini, kaswende. Kisha nikampa vidonge vya majira, vilevile vya benchi la Matroni. Alivigeuza mkononi.

"Sista, nimekuja kutoa mayai, na nyie mnayafunga?"

"Tunayapanga foleni," Daktari alijibu kutoka mezani kwake. "Wewe na dada yako lazima mwende hatua moja. Yai likiwa tayari, na chumba kiwe kimetandikwa."

Kutandika chumba ilikuwa kazi ya Tabitha. Yeye alimeza vidonge vya homoni ya kike ili ukuta wa ndani wa mji wa mimba unenepe na kuwa laini. Mama Noa, vidonge vya majira vilipokwisha, alianza sindano. Kila jioni nilimdunga chini ya kitovu, nikibadilisha upande. Dawa ililala kwenye friji la kliniki, na umeme ulipokatika niliihamishia kwenye chupa ya chai yenye barafu, na Daktari alikuwa ametangaza kwamba atakayeitumia chupa ile kwa chai ataacha kazi.

Kwa kawaida mwanamke hupevusha yai moja kwa mwezi. Sindano zile huyaamsha mengi kwa pamoja. Kwenye ultrasaundi tuliyaona kama punje nyeusi za zabibu, kila moja ni kifuko cha maji kinacholea yai lake. Daktari wa Nairobi alisomewa vipimo kwa simu ya mkononi, naye akisema ongeza au punguza. Nilimkataza Mama Noa kubeba ndoo na kutwanga, maana vifuko vya mayai vikivimba vinaweza kujipinda. Tumbo lilianza kumjaa. Mtu wa Haneti aliyekuja mnadani alimwona amekaa kivulini kwa dada yake, tumbo mbele, hafanyi kazi. Alirudi nyumbani na habari.

Hapa nieleze jambo kwa wasiolijua. Kwetu mtoto anayenyonya akidhoofika, watu husema amebemendwa: mama amepata mimba nyingine mapema au ametoka nje ya ndoa, na ubaya umempata mtoto. Noa alikuwa amekonda kwa kulilia ziwa, kama anavyokonda mtoto yeyote aliyeachishwa ghafla. Bibi yake aliunganisha mambo matatu: ziwa lililokatwa, mtoto aliyekonda, tumbo lililoonekana mjini. Alipomuuliza mwanawe, yule mkulima akakumbuka kiapo chake, akainama na kunyamaza. Mama yake akaona hiyo ni aibu ya mume aliyesalitiwa.

Madada walikwenda Nairobi. Mayai yalivunwa, yakarutubishwa kwa mbegu za mume wa Tabitha, na viinitete viwili vikawekwa kwa Tabitha. Asubuhi waliyokuja kliniki kuangaliwa baada ya safari, nilimkuta bibi wa Haneti amekwisha kukaa kwenye benchi la mlangoni, Noa mapajani.

"Mbukwenyi," alinisalimu kwa Kigogo. Nilimwamkia shikamoo. Alifungua fundo la khanga, akatoa pakiti ndogo ya duka la dawa.

"Nimeambiwa hiki hakisemi uongo. Nataka mkwe wangu apimwe mbele yangu."

Kilikuwa kipimo cha mimba cha mkojo. Zamani kipimo hicho kilikuwa cha maabara tu. Sasa bibi alikuwa amekinunua kama mtu anavyonunua kiberiti. Nilijua kitasema nini. Sindano ya mwisho ambayo Mama Noa alidungwa Nairobi, ile ya kuivisha mayai kabla ya kuvunwa, ni homoni ileile ambayo kipimo kile hutafuta. Hubaki mwilini kwa siku kadhaa. Mistari miwili ingejitokeza, myekundu na wazi.

Niliwaingiza madada chumba cha sindano, nikafunga mlango.

"Akipima leo, kitasema una mimba," nilimwambia Mama Noa.

"Mimba ya nani?"

"Ya sindano."

Alicheka kidogo, kisha akashika tumbo kwa maumivu, kisha akaacha kucheka.

"Mwambie arudi baada ya wiki mbili," Tabitha alisema haraka.

"Nilimdokeza hivyo pale mlangoni. Akaniuliza, wiki mbili ni za kuitoa?"

Nje tulimsikia Noa akilia, na bibi akimwambia anyamaze, mama yake anapimwa.

"Dada," Mama Noa alisema, "mimi nyumba yangu iko kule. Yai nimekupa. Jina langu siwezi kukupa."

Sikuwa na ruhusa ya kusema chochote. Siri ya mgonjwa si mali ya muuguzi. Nilisimama pale nimeshika beseni la vyombo bila sababu. Tabitha aliyekuwa ameambiwa asiinuke ghafla aliinuka taratibu, akajifunga khanga vizuri, akatoka. Nilimfuata. Alipiga magoti mbele ya bibi, jambo ambalo Daktari asingeliruhusu.

"Shikamoo mama. Mkweo hana mimba. Anayetafuta mimba ni mimi, na yeye amenipa yai lake."

Alieleza yote. Bibi alisikiliza bila kumkatiza, kisha akaniangalia mimi.

"Kama wale ng'ombe wa mradi, wa kupandishwa kwa sindano?"

Daktari alikuwa amesimama mlangoni kwake. "Karibu na hivyo, mama," alisema. "Ila hapa tuliwauliza kwanza."

"Na mtoto atamwitaje mkwe wangu?"

"Mama mdogo," Tabitha alijibu.

"Angemwita hivyo hata bila sindano."

"Ndiyo, mama."

"Na Noa atakuwa ndugu yake. Kama ambavyo angekuwa." Bibi alimhamishia Noa paja la pili. "Sasa mlikuwa mnaficha nini?"

Hakuwa mjinga; alijua mgumba anavyosemwa. Alirudisha pakiti kwenye fundo la khanga, akalikaza.

"Nimesikia, na kwangu hayatatoka. Hiki nitakitunza. Siku mliyosema nitarudi nacho."

Na alirudi. Mama Noa alipimwa mbele yake, na bibi alikikodolea macho kile kipimo mpaka kikakauka. Mstari ulikuwa mmoja. Siku hiyohiyo majibu ya damu ya Tabitha yalitoka maabara, na Daktari aliyasoma mara mbili kabla ya kutuambia kwamba mimba imeshika. Bibi hakushangilia. Alimtazama Tabitha kuanzia miguuni.

"Basi na huyu asibebe ndoo," alisema, akamchukua mkwewe kwenda kupanda basi.

Tabitha alijifungua mtoto wa kike. Mimi niliendelea na kazi mpaka macho yalipoanza kukosea alama za bomba la sindano, nikastaafu. Wauguzi wa sasa wana dawa bora na kalamu za sindano zisizoumiza, na wakiniuliza kuhusu kumwandaa mtoaji wa yai nawaambia hatua zote za kitabuni. Kisha naongeza kwamba wamuulize pia nani anamwangalia nyumbani, na huyo mtu ameona nini. Hilo halimo kwenye mwongozo wowote niliousoma.

Bibi wa Haneti alitimiza neno lake la kunyamaza. Lakini kila baada ya mavuno, mpaka alipofariki, alishuka mjini na kuku au debe la karanga, akisema ni vya mjukuu wake. Ukichora ukoo wa yule binti kwa damu au kwa ndoa ya wazazi wake, bibi huyo hapati mahali pa kukaa: ni mama mkwe wa mama mdogo tu.

Binti amekua, ana macho ya Noa, na ana akili ya kuuliza. Mwezi uliopita alinipitia nyumbani, akaniamkia, akakaa, akasema, "Bibi, yule bibi wa Haneti alikuwa bibi yangu kwa upande gani?"

"Muulize mama yako," nilimwambia.

"Nimeshamuuliza. Amesema nikuulize wewe."

Nilimpa chai. Baadaye nilimpigia Tabitha simu kumwomba ruhusa ya kuandika habari hizi. Alisema niandike tu, kwa majina mengine. Sikumuuliza kama anataka binti asisome, au asome.