Siku Niliyokataa Kuchagua Nambari

Ilianza Jumapili, saa tisa na nusu alasiri, wakati mwenyekiti wa chama cha akina mama aliponiita kutoka jikoni.

"Kuja hapa, mkono wa baraka!"

Mwaka jana nilimchagulia nambari sita za bahati nasibu, akapata zawadi ile ndogo kabisa. Tangu hapo akina mama wa ploti yetu ya mtaa wa Shauri Moyo wananiamini kuliko redio. Hunifuata hata nikianika nguo: tuchagulie, mtoto wetu. Nami nilikuwa nachagua tu, kwa sababu kutii ni rahisi kwangu kuliko kuongea.

Lakini Jumapili hiyo, chama kikiwa kimekutana kwetu, zamu ya kupokea mchango ilikuwa ya mama yangu. Alikuwa ameingoja karibu mwaka mzima ili anunue mtumba wake wa nguo za watoto, aache kuuza za mtu mwingine kule soko la Gikomba. Sasa mwenyekiti alitaka mchango wote uende kwenye tiketi, maana jakipoti, ile zawadi kubwa, ilikuwa imefika kiasi ambacho hakuna aliyeweza kukitamka bila kucheka. Wakishinda, wagawane.

"Dada, si unakubali?" akamuuliza mama.

Mama akatazama mikono yake. Mama ni kama mimi.

Mwenyekiti akanipa kalamu. Nikaiweka mezani.

"Sichagui," nikasema.

"Ati nini?"

Masikio yalikuwa yananichoma. Nikamwambia atoe simu yake. Mimi nilikuwa na laini mpya ambayo hakuna pale aliyeijua. Nikampa tarakimu tatu za mwanzo, abuni saba zilizobaki. "Simu yangu ikilia, nitachagua nambari zote mnazotaka."

Hesabu za uwezekano tulifanya kidato cha tatu, nami hii nilikuwa nimeirudia peke yangu. Kupatia nambari sita kati ya arobaini na tisa ni nafasi moja kwa karibu milioni kumi na nne. Kupatia tarakimu saba ni moja kwa milioni kumi. "Mchezo wangu ni rahisi kuliko ule," nikawaambia.

Akabonyeza, akaweka spika. Mteja hapatikani. Akabonyeza tena. Mwanamke akapokea.

"Kumbe ni wewe! Unampigia mume wangu hadi Jumapili?"

"Hapana, mama, mimi natafuta jakipoti..."

"Jakipoti ni mume wangu?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwenyekiti akakata. Simu ikalia, ni yule yule. Akaizima kabisa.

"Lakini si kuna mtu hushinda?" mweka hazina akauliza kwa upole.

"Hushinda, kwa sababu wanaocheza ni wengi sana. Sisi hata tukinunua tiketi mia moja, ni kama kupiga simu mara mia tu."

"Huyu shule imemharibu," mwenyekiti akasema. "Mtoto hajibizani na wakubwa."

Nilitamani kurudi jikoni. Sikurudi. Nilisimama pale pale hadi mama akainua macho.

"Zamu ni yangu," akasema. "Nipeni, ninunue mtumba."

Mweka hazina akampa pesa. Mwenyekiti akanuna kidogo, kisha akasema atacheza tiketi yake kivyake, nimchagulie tu hizo sita, mara ya mwisho. Nikamwambia hapana.

Asubuhi yake, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, nilitembea na mama hadi Gikomba kabla jua halijachomoza. Akanunua mtumba, tukaukata kamba. Juu kulikuwa na sweta nzuri. Chini zikatoka kaptura zenye madoa.

"Hata huku ni kubahatisha," mama akasema, akizikung'uta. "Ila huku mtu harudi nyumbani mikono mitupu."

Nikazitenga zenye madoa tuziuze kwa bei ya kutupa, nikapanga nyingine kulingana na umri wa watoto, kisha nikaanza kuita wateja.