Bima ya Walio Juu

Mama mkandarasi anayemjengea Abdinasir maduka mjini Migori huiamkia mashine ya zege kabla ya kuiwasha. Huipigapiga ubavuni kwa kiganja kilichokakamaa, husikiliza, kisha huwaambia mafundi, "Leo ameamka vizuri," kana kwamba ni ng'ombe wa kukamuliwa. Mota ikinguruma, yeye hapazi sauti. Watu ndio humsogelea. Jana Abdinasir alimsogelea akitaka bei ishuke. Dizeli na kodi ya mashine alishakubali, hata mlinzi wa vifaa. "Lakini bima ya mafundi toa, mama. Hawa wametoka migodi ya Osiri. Mtu aliyezoea kushuka shimoni ataogopa ngazi?" Mama akavua kofia yake ngumu, akaipangusa, akamvika. "Sawa, tajiri. Panda unionyeshe jina la duka litakaa wapi." Abdinasir akapanda kwa madaha. Alipofika usawa wa ghorofa ya kwanza, ngazi ikayumba, akaikumbatia kwa mikono yote miwili. "Mama! Shika hapo chini!" "Nimeshika," akajibu bila haraka. "Sasa niambie, ile bima nitoe?" "Iache, mama! Na mimi pia niandike!"