Kofia ya Marehemu

Mhudumu wa mochwari hamgusi maiti kabla ya kumwamkia: "Shikamoo mzee, nakugeuza kidogo, nivumilie." Sisi mashujaa wa mdomoni tungetimua mbio, lakini yeye vidole vyake vinene hufunga vifungo vya shati polepole, kama anamvalisha mwanawe. Juzi mjane mmoja alimlilia kwamba kofia ya mumewe, aliyoidarizi mwenyewe kwa uzi wa kijani, iliibwa palepale penye ajali iliyomuua. Mhudumu akaikuta sokoni, kichwani mwa muuza viatu aliyeijua vizuri kazi yake. Hakugombana. Alimwinamia sikioni kwa sauti yake ileile ya kazini: "Kaka, mwenye kofia yuko kwangu, anaiulizia." Jamaa aliivua kama imeshika moto. Mjane aliinusa, akacheka huku machozi yanamtiririka. Mhudumu akarudi ndani kwa marehemu: "Mzee, kofia imefika kwa mama. Yule wa viatu msamehe, ametetemeka vya kutosha."