Kibao cha Fundi Simu

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, mbele ya wanafunzi mia mbili na kipaza sauti kinachokoroma, kwamba leo shule imepata mgeni rasmi: mtetezi wa vijana, adui wa mapenzi ya mabavu. Mwalimu wa malezi alipofika hapo katika tangazo lake, fundi simu aligeuka nyuma kutazama ni nani anayesifiwa hivyo.

Kwa miaka sita kibao cha kibanda chake kilisema: SIMU YA MPENZI WAKO, DAKIKA TANO IMEFUNGUKA. Alikitunga mwenyewe, na akitembelewa na wageni aliwasomea. Mteja hakuulizwa swali. Kazi ya fundi ni kufungua, alikuwa akisema. Yanayofuata wamalizane wenyewe.

Siku moja kijana wa kidato cha tatu akaleta simu, eti ya dada yake, nywila itolewe. Fundi akaanza kazi huku anapiga mluzi. Dakika ya nne kioo kikawaka, na aliyemtazama toka kwenye picha humo alikuwa binti yake. Simu kainunua yeye, kasha kalichagua yeye, na hakuitambua. Mtaalamu huyo. Alipoinua uso, kijana keshatoka nduki.

Binti akafika akihema, kifundo cha mkono kimevimba: yule kijana, mpenzi wake, alimsokota mkono ndipo akampokonya simu. Baba akashusha hotuba ndefu. Anayetaka nywila yako hakupendi, anakuchunga. Na kwa nini hukuniambia mapema?

Binti akamwacha amalize, kisha akanyoosha kidole kwenye kompyuta ya kibandani, ambako, kwa mtego aliouweka baba, jumbe zake zote zilikuwa zikiingia kimyakimya tangu mwaka jana.

"Ningekuambia vipi, baba? Wewe na yeye mnafanya kazi moja."

 Fundi akaufuta ule mtego mbele ya binti, akampeleka zahanati, na njiani, badala ya kusoma jumbe zake, akauliza. Akaambiwa yote. Kesho yake wakaenda pamoja kwa mwalimu.

Jumamosi binti na wenzake wakaja na rangi, wakaandika kibao upya: MWENYE SIMU AJE MWENYEWE. Wakazunguka soko zima kuwaomba mafundi wengine waandike vivyo hivyo. Mafundi watano wakakubali. Wa sita akawafukuza, nao wakakaa mlangoni pake mpaka akachoka.

"Basi tuambie, fundi," mwalimu akamkabidhi kipaza sauti, "ni nini kilikufumbua macho?"

Fundi akamtafuta binti yake, akamwona mstari wa tatu.

"Nilikamatwa."