Mama wa Ukerewe na Mashine ya Mkono wa Kushoto

Alhamisi asubuhi nilikuwa kwa kinyozi wangu pale Oud Metha, katika mji huu wa Waarabu tunaoishi, povu limejaa shavuni, simu ikalia. Alikuwa binti mmoja wa Kikenya ambaye nimezoea sauti yake kuliko sura yake, kwa kuwa alikuwa akiishi nyumba moja na rafiki yangu kule mtaa wa International City. Hakunisalimu. "Mzee, mama ametuacha," alisema. "Saa hii tu, hapa hospitali. Pumzi ilikataa." Nikamwashiria kinyozi asimame kidogo. Nilijitazama kwenye kioo, upande mmoja wa uso umenyolewa na mwingine bado, nikayasema yale maneno tunayosema sisi Waislamu tukipata habari ya msiba. Kisha nikakumbuka kwamba marehemu alikuwa Mkristo. Nikamwombea vilevile.

Hamkumjua rafiki yangu huyo, na kwa jinsi alivyokuwa msiri nadhani angependa iendelee hivyo, ndiyo maana sitamtaja jina. Alikuwa muuguzi katika kliniki moja hapohapo Oud Metha, mjane, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Nyanza. Alikuwa na binti mmoja tu, aliyelelewa na bibi yake, yaani mama mzazi wa marehemu, ambaye yu hai mpaka leo hukohuko kisiwani. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti inayomzidi umbo, na alikuwa na mapenzi ambayo sikuwahi kuyaona kwa mwanamke yeyote wa mji huu: alikuwa mvuvi wa ndoana. Kila Jumamosi asubuhi alikwenda na kibali chake kwenye ukuta wa mawe unaozuia mawimbi, akavua hamuri, yule samaki ambaye sisi watu wa pwani tunamwita chewa.

Tulikutana Deira, katika duka la vifaa vya uvuvi lililo karibu na gati la majahazi. Nilikuwa nimestaafu karibuni, na mke wangu alikuwa amechoka kuniona nikifunua masufuria yake. "Nenda ukatafute cha kufanya huko nje," aliniambia, nami nikaona bora nivue. Mwenye duka, Mmalabari, yaani Mhindi wa kusini, mwenye Kiswahili alichookota kwa mabaharia wetu, alinitolea mashine ya kukunjia mshipi iliyokuwa nzito kama jiwe la kusagia. "Rafiki, chukua hii," alisema. "Samaki kubwa, mashine kubwa. Khalas, imekwisha." Nilikuwa nimekwisha kubali, mara nikasikia sauti nyuma yangu. "Mzee, samahani kwa kuingilia. Unakwenda kuvulia wapi?" Nikamjibu kwamba kwenye mawe. "Basi hiyo utajuta," alisema mama yule. "Hiyo ina nguvu, lakini ni ya polepole."

Akaichukua mkononi, akazungusha mpini wake mara moja na kunionyesha jinsi mshipi ulivyoingia kidogo tu. Kisha akaomba nyingine, ndogo kuliko ile, akaizungusha vilevile, na bobini, kile kigurudumu kinachokunja mshipi, ikazunguka kwa kasi hata macho yangu yakashindwa kuifuata. Aliniambia kwamba kwenye mchanga mtupu mtu anaweza kushindana na samaki taratibu mpaka achoke, lakini kwenye mawe hakuna kuchoshana. Hamuri hukaa mlangoni mwa shimo lake. Akishachukua chambo, anageuka kurudi ndani, na akiingia anatanua mapezi na matamvua yake, ndiyo imekwisha. "Kinachomnyanyua ni ufito wa kuvulia, mzee, siyo mashine," alisema. "Wewe unanyanyua kwa mikono yako, halafu ukiushusha ufito, mshipi unalegea. Ndipo mashine ikusanye ule uliolegea kabla hajageuza kichwa. Ya polepole haiwahi." Nikamuuliza, mbona basi watu hawanunui zote za kasi? Akacheka. "Kwa sababu kasi inalipwa kwa mkono. Ya kasi ni ngumu kuzungusha samaki akiwa mzito. Chagua yenye mpini mrefu na kishikio kikubwa, tia mshipi wa kusuka ulio mnene, kaza breki. Halafu usimwonee huruma." Mmalabari alitikisa kichwa. "Huyu mama daktari ya samaki," alisema, na mimi nikanunua ile ndogo.

Ndivyo ulivyoanza urafiki wa Jumamosi. Tulikuwa tukikaa juu ya mawe, yeye na kikapu chake, mimi na thermosi ya chai ya mke wangu, na nyuma yetu minara ya mji iking'aa. Kwa muda mrefu hatukuzungumza mambo ya maana. Nilimkosoa Kiswahili chake cha Kanda ya Ziwa, naye akaniambia kwamba sisi Waunguja tunaongea kama watu waliotumwa na sultani. Siku moja nikamuuliza ni nani aliyemfundisha kuvua. Akarusha chambo kwanza, ndipo akaanza kusimulia.

Baba yake alikuwa mvuvi wa sangara. Siku moja, yeye akiwa msichana, walitoka kwa mtumbwi, yeye na mdogo wake wa kiume. Sangara mkubwa akashika ndoana na kukimbilia ndani ya magugu maji, mshipi ukanasa. Mdogo wake alikuwa mwogeleaji hodari. Akavua shati na kujitosa akaunasue, kama walivyofanya vijana wote wa pale. "Mimi nilibaki nimeshika mshipi," aliniambia. "Nikausikia unatikisika. Mara ya kwanza, mara ya pili, kwa nguvu. Nikafurahi, mzee. Nikadhani samaki ametoka kwenye majani. Kumbe alikuwa yeye." Majani yalikuwa yamemzonga miguu. Alipotolewa na watu wazima alikuwa amekwisha kufa.

Nikamuuliza swali ambalo labda sikupaswa kuliuliza: mbona bado anavua? Alijibu bila kunitazama. "Kwa sababu hapa mshipi ukitikisika, najua ni samaki." Baadaye akaniambia kwamba mama yake hajui. Tangu siku ile, nyumbani kwao hakukuingia ndoana wala samaki, na yeye mwenyewe aliapa mbele ya mama yake kwamba hatagusa mshipi tena. Akaja huku, na mwaka wake wa kwanza, akipita ufukweni baada ya zamu, akamwona mzee wa Kifilipino anavua. Akasimama, akaomba ashike kidogo. "Nililia pale," alisema, "na sikuacha tena." Binti yake hakuambiwa, maana kile akijuacho binti, bibi angekijua. Simu za nyumbani zilikuwa za afya, shule na mvua tu.

Maradhi yalianza na dole gumba la mkono wa kulia. Vikombe vilimponyoka. Aliniambia ni uchovu, na muuguzi akikwambia ni uchovu unamwamini. Kliniki aliacha kuchoma sindano, akawa anabadilishana kazi na wenzake kwa visingizio. Kwenye mawe nilimwona akizungusha mashine yake kwa kiganja kizima badala ya vidole, kisha kwa kifundo cha mkono, kisha akishindwa. Alikuwa akijua. Alikuwa amekwisha kwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na ameambiwa ugonjwa wake ni ule wa kulegeza misuli, usiorudi nyuma. Wazee wetu walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini nadhani waliosema hivyo walikuwa watu wenye kwao, waliolala kitandani kwao na wasioweza kufukuzwa. Mtu ambaye ukaazi wake katika nchi umefungwa kwenye mkono wake wa kazi, mkono huo ukifa anamwambia nani?

Siku moja aliniomba nimsindikize Deira. Nilidhani anakwenda kuuza vifaa vyake. Mmalabari alipouona ule mkono hakuuliza kitu. Alimtolea mashine ya polepole, laini, ambayo hata mtoto angeizungusha. "Mama, hii itakusaidia," alisema kwa upole, na mimi nikaongeza kwamba mwenye duka anasema kweli, achukue hiyo. Akatukatalia sote wawili. "Ya polepole itanisaidia kuzungusha," alisema. "Haitanisaidia kumtoa." Akaomba mashine ya kasi, ileile aina yake, lakini yenye mpini upande wa pili, kwa mtu wa mkono wa kushoto. Nikamwambia, mama, mkono wa kushoto hujautumia maisha yako yote. "Basi haujachoka," alijibu.

Alijifunza upya kama mtoto anayejifunza kuandika. Msimu wote wa baridi alifunga mshipi, akaukata, akatukana kwa Kikerewe, akaanza tena. Siku ya siku ikafika. Ilikuwa Jumamosi ya mawingu. Ufito wake ulipinda ghafla mpaka ncha ikagusa maji, na nikaona mkono wake wa kulia, uliopaswa kuunyanyua, ukifunguka wenyewe. Nikaruka mawe. Nikaushika ufito pamoja naye, mikono yangu miwili juu na chini ya wake. "Nyanyua!" akapiga kelele. "Mzee, nyanyua, usimwonee huruma!" Nikanyanyua mpaka mgongo ukalia. Nikashusha, naye akazungusha kwa mkono wa kushoto, kwa kasi ambayo sikuitarajia. Nikanyanyua tena. Tulisikia mshipi ukikwaruza jiwe. Nilidhani samaki ameingia shimoni. Akazungusha, akazungusha, na mara uzito ule ukaja wote juu, na hamuri wa kahawia akapasua maji miguuni petu, mdomo wazi. Mimi nilikuwa nikicheka kama mwendawazimu. Yeye alikuwa amekaa juu ya jiwe na machozi yanamtiririka. "Ametoka," alikuwa akisema. "Mzee, ametoka."

Huyo ndiye samaki wake wa mwisho. Jumatatu yake alikwenda kwa madam mwenye kliniki, akamweleza yote aliyomficha. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa, na begi alikuwa amekwisha kulitoa chini ya kitanda. Madam alimsikiliza, akamlaumu kwa kuchelewa, kisha akamhamishia mapokezi ajibu simu, akae mpaka atakapotaka mwenyewe kurudi kwao. Nilifurahi aliponisimulia, lakini yeye alikuwa na huzuni. "Miezi yote ile, mzee," alisema. "Miezi yote ile nilikuwa nikimwogopa mtu ambaye hakuwa na neno. Ningelisema mapema ningelikuwa nyumbani sasa, na mwanangu." Simlaumu. Wako waliosema mapema wakakuta tiketi ya kurudishwa kwao mezani. Lakini hofu ilimlia siku ambazo maradhi hayakuwa yamezila bado. Alipoanza kupanga safari, kifua nacho kikaanza kudhoofika, na madaktari hawakumruhusu kupanda ndege.

Kabla mwili haujasafirishwa, tulikusanyika kumuaga. Walikuwapo wenzake wa nyumba, Wakenya na Waganda, wanakwaya wa kanisa lake, wauguzi, madam mwenyewe, na yule Mmalabari aliyefunga duka akaja na mkewe. Wanakwaya hawakujua kama anavua. Mmalabari hakujua kama anaimba. Kila mmoja alikuja na kipande chake, na hapakuwa na mtu mwenye vipande vyote vya mama yule.

Jioni yake binti yake alinipigia simu kutoka Mwanza. Namba yangu alipewa na yule Mkenya. "Shikamoo babu," alisema. "Naambiwa wewe ulikuwa rafiki wa mama. Nieleze, alikuwa anaishije huko?" Nilisita. Siri ile haikuwa yangu. Lakini mwenye siri amekwisha kwenda, na anayeuliza ni mwanawe, basi nikamweleza: duka, mawe, magugu, mkono wa kushoto, hamuri. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sisi alituambia Jumamosi huwa amelala," alisema. Kisha akauliza, "Nimwambie bibi?" Nikamwambia hilo lake yeye, mimi siwezi kulibeba.

Alimwambia, baada ya mazishi. Alinipigia tena kunieleza. Alisema bibi aliweka mikono mapajani akatazama mlangoni, na yeye akaanza kujuta kwa nini amefungua kinywa. Alitarajia kilio, au hasira ya kiapo kilichovunjwa. Bibi hakuuliza habari za kiapo. Hakuuliza habari za samaki. Aliuliza jambo moja. "Alikuwa peke yake huko kwenye mawe?" Binti akamjibu, "Hapana, bibi. Alikuwa na mzee mmoja wa Unguja." Bibi akasema, "Haya. Basi," akaomba asaidiwe kwenda kulala.

Nimelifikiria swali hilo la bibi wiki nzima. Sisi tunaoishi huku tunadhani walioko nyumbani wanataka kusikia kwamba tuna nguvu, tuna kazi, hatuna shida, nasi tunawapa hayo, tukiwaficha maradhi yetu na pamoja nayo furaha zetu. Kumbe swali la mama wa mtu yeyote aliye mbali ni hilo moja tu. Ewe msomaji uliye huku, mpigie mama yako umjibu kabla hajamuuliza mtu mwingine. Mwambie Jumamosi unakwenda wapi, na unakwenda na nani. Na kama huna wa kumtaja, toka leo ukamtafute.